Kuuhoji Moyo: Historia ya Mtu Kujihoji katika Fasihi ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Kila mtu huishi kwa kushikilia mambo fulani anayoyaamini kuhusu maisha: kipi ni chema na kipi ni kiovu, mali ina thamani gani, mtu anawiwa nini na wenzake, na baada ya kifo kuna nini. Mambo hayo huyapokea utotoni, kabla hajawa na uwezo wa kuyachagua, na aghalabu hufa nayo bila kuyatazama. Linapotokea jambo la kumtikisa, kama vile msiba, kuanguka kwa mji, kifungo au elimu ngeni, ndipo hulazimika kuyatoa na kuyaanika kama nafaka iliyopata unyevu ghalani, ili aone ipi bado ni nzima na ipi imeoza. Mhadhara huu unachunguza namna tendo hilo lilivyofanyika katika fasihi ya Kiswahili kwa muda wa karne mbili, kuanzia kisiwa cha Pate mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa hadi kwa mwandishi aliyezaliwa Ukerewe, Euphrase Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020.

Umuhimu wa suala hili unatokana na mjadala mkongwe. Mwaka 1945, huko Elisabethville, mji ambao leo unaitwa Lubumbashi, kilitoka kitabu cha mmisionari Mbelgiji, Placide Tempels, kilichodai kwamba Wabantu wana falsafa yao. Dai hilo lilikuwa na heshima ndani yake, lakini lilikuwa na sharti pia: falsafa hiyo ilisemwa kuwa ni ya watu wote kwa pamoja, na wenyewe hawakuhesabiwa kuwa na uwezo wa kuieleza kwa utaratibu. Mwaka 1969 John Mbiti wa Kenya aliupanua mtazamo wa aina hiyo kwa kukusanya imani za jamii nyingi za Afrika na kusisitiza kwamba mtu wa Kiafrika hujitambua ndani ya jamii yake. Katika miaka ya 1970 Paulin Hountondji wa Benin aliupinga mkondo huo wote. Kwake yeye, imani za jamii si falsafa. Falsafa huanza pale mtu mmoja, mwenye jina lake, anapoandika hoja na kuwajibika kwayo.

Pande hizo mbili zilipingana kwa mengi, lakini hazikuangalia sana maandishi ya lugha za Kiafrika zenyewe. Kiswahili kina maandishi ya namna hiyo kwa wingi, na waandishi wake wanajulikana kwa majina. Mhadhara huu unatoa madai mawili. La kwanza ni kwamba tendo la mtu mmoja kuzihoji imani zake halikuletwa katika Kiswahili na riwaya ya kisasa. Lilikuwako tangu zamani, na kilichobadilika ni kile kinachowekwa kizimbani. La pili ni kwamba tendo hilo, katika vipindi vyote, limefanywa mbele ya msikilizaji wa pili. Msikilizaji huyo anapokosekana, au anaposhindwa kujibu, kujihoji hugeuka kuwa hatari.

2.0 Msamiati wa Kujihoji

Kabla ya kuyaangalia maandishi, ni vema kuyapima maneno. Lugha ya Kiswahili inayo maneno kadhaa ya kutajia mahali pa ndani ambapo imani za mtu hukaa. Lipo neno moyo, lenye asili ya Kibantu, ambalo pamoja na kutaja kiungo cha mwili hutaja pia makao ya nia, ushujaa na huzuni. Lipo neno nafsi, lililotoka katika Kiarabu, ambalo kwa matumizi ya dini hutaja ile sehemu ya mtu yenye matamanio na inayohitaji kuzuiwa, na kwa matumizi ya sarufi hutaja msemaji, msemeshwa na msemwa. Lipo neno dhamiri, nalo pia la Kiarabu, linalotaja sauti ya ndani inayohukumu. Na lipo neno utu, la Kibantu, ambalo halitaji mahali ndani ya mtu bali hali ya kustahili kuitwa mtu.

Maneno haya si visawe. Mtu anayeihoji nafsi yake huanza na dhana kwamba ndani yake kuna mshtakiwa. Mtu anayeuhoji moyo wake huanza na dhana kwamba ndani yake kuna mwenzi, mkaidi pengine, lakini anayeweza kushauriwa. Mtu anayeuhoji utu wake hawezi kujifungia ndani hata kidogo, kwa kuwa utu huonekana katika namna anavyowatendea wengine.

Aidha, wanazuoni wa pwani walirithi taratibu za Kiislamu za kuihesabu nafsi. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliliwekea jambo hilo kitabu kizima ndani ya Ihya Ulum al-Din, na humo aliilinganisha nafsi na mshirika wa biashara: mtu huwekeana nayo masharti asubuhi, huiangalia mchana, na jioni hukaa nayo kufanya hesabu ya faida na hasara. Katika miji iliyoishi kwa majahazi, mikopo na ushirika wa mitaji, mfano huo ulieleweka bila maelezo marefu. Kwa hiyo mshairi wa Pate alipoanza kuusemesha moyo wake, hakuwa akibuni tendo jipya. Upya wake ulikuwa katika ushahidi alioutumia.

3.0 Pate na Siyu: Imani Haishtakiwi, Anashtakiwa Muumini

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliishi katika wakati ambapo Pate ilikuwa imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya utajiri wake. Ugomvi wa urithi, vita na miji jirani na kuhama kwa biashara vilikuwa vimeudhoofisha mji, na vita vya Shela vya miaka ya 1810, ambamo watu wa Lamu waliwashinda watu wa Pate na wenzao wa Mombasa, viliharakisha kuporomoka huko. Utenzi wake, Al-Inkishafi, ambao jina lake hutaja kufunuliwa kwa jambo lililofichika, ulitungwa katika mazingira hayo. Umbo lake ni la beti za mishororo minne, na kila mshororo una mizani kumi badala ya minane iliyozoeleka katika tendi, jambo linaloupa utungo huu mwendo wa taratibu unaolingana na tafakuri.

Baada ya kumtaja Mungu na kumsalia Mtume, mtunzi anaugeukia moyo wake na kuuliza kwa nini haujazinduka. Hauulizi kama Mungu yupo, wala kama akhera ipo. Mambo hayo kwake yamekwisha kuthibiti. Anauliza kwa nini moyo unaoyajua hayo yote unaendelea kuishi kana kwamba hauyajui. Kisha analeta ushahidi, na ushahidi huo ni mji wenyewe. Majumba yaliyokuwa na taa na watumwa na wageni sasa yanakaliwa na popo. Vidaka vya ukutani vilivyopangwa vyombo vya kaure vimekuwa viota vya ndege. Mabwana waliotembea kwa maringo anawataja kwa majina na kuuliza wako wapi. Msomaji wa leo anayefika katika magofu ya visiwa vya Lamu bado huviona vidaka hivyo ukutani, vitupu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba magofu hayatumiki hapa kwa ajili ya kuomboleza tu. Yanatumika kama hoja. Moyo ungeweza kuyapuuza maonyo ya vitabu kwa kuwa yanasema juu ya mambo yajayo. Hauwezi kuipuuza nyumba ambayo mtunzi aliijua mwenyewe. Kwa hiyo imani haipimwi kwa mantiki bali kwa historia ya jirani, na anayepatikana na hatia ni muumini aliyeacha pengo kati ya anachokiri na anachokitenda.

Historia ya kutafsiriwa kwa utenzi huu nayo ina funzo. Toleo la William Hichens la mwaka 1939 lilipewa jina la Kiingereza lenye maana ya kuamka kwa roho, na lile la James de Vere Allen la mwaka 1977 lilipewa jina lenye maana ya katekisimu ya roho. Majina yote mawili yanataja roho, ilhali mtunzi anausemesha moyo. Badiliko hilo linaonekana dogo, lakini linaondoa kitu. Roho katika mapokeo ya Kikristo ya Ulaya ni mali ya mtu mmoja anayesimama peke yake mbele ya Mungu. Moyo wa mtunzi wa Pate ni mwenzi anayebembelezwa, anayekemewa na kuitwa atazame. Katika utungo wenyewe nafsi moja imegawanyika kuwa wasemaji wawili, mmoja akimwita mwingine aone.

Miaka kadhaa baadaye, karibu na hapo, mwanamke mmoja alilifanya tendo hilo kwa namna nyingine. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyeipinga mamlaka ya Sultani wa Unguja na kufariki mwaka 1856. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa na akikitarajia kifo, alimtungia binti yake utenzi wa wasia. Utenzi huo umejadiliwa sana kuhusu nafasi ya mke mbele ya mume, na wahakiki hawajakubaliana kama unamfundisha binti utiifu mtupu au unamfundisha pia busara ya kuishi ndani ya utiifu huo. Katika muktadha wa mhadhara huu, la muhimu ni kwamba mama hatoi mafundisho matupu. Anasimulia alivyoishi na mumewe mpaka mauti yakawatenganisha, na kuyafanya maisha hayo kuwa dhamana ya anayoyasema. Imani hapa inapimwa kwa mwenendo wa aliyeishika, na shahidi ni mtoto aliyeuona mwenendo huo nyumbani.

4.0 Tanga: Maisha kama Ushahidi

Shaaban Robert alizaliwa karibu na Tanga tarehe 1 Januari 1909 na kufariki tarehe 20 Juni 1962. Tangu mwaka 1926 hadi alipostaafu alikuwa karani wa serikali ya kikoloni: kwanza katika forodha, kisha katika idara ya wanyama huko Mpwapwa, na hatimaye katika ofisi za Tanga. Kwa zaidi ya miaka thelathini aliishi kwa mshahara mdogo chini ya utawala uliompangia mtu cheo kwa rangi ya ngozi yake. Wasifu wake, Maisha Yangu, pamoja na sehemu ya pili, Baada ya Miaka Hamsini, ulikuwa jambo geni katika nathari ya Kiswahili: mtu wa kawaida, asiye mtawala wala mwanazuoni wa dini, anayaweka maisha yake mbele ya wasomaji na kuyatolea hesabu.

Atakayekifungua kitabu hicho akitafuta siri za utoto au maungamo ya makosa hatatosheka. Mwandishi anachagua matukio kwa kipimo kimoja: je, tukio hili lilizijaribu imani zake, na imani hizo zilistahimili? Kifo cha mkewe, Amina, kinaijaribu imani yake juu ya mapenzi na subira. Kazi ya ofisini inaijaribu imani yake kwamba heshima ya mtu haitegemei cheo. Kuzeeka kunaijaribu imani yake kwamba maisha ni ya kutumikia. Majibu yake karibu kila mara ni ya kuthibitisha, na hilo limewafanya wahakiki wa baadaye kumwona kuwa mtu wa maadili mno, anayewapa wahusika wake majina ya sifa, kama Utubora na Karama, na kuwaacha watende kama majina yao yanavyotaka.

Lawama hiyo ina ukweli, lakini haijafika mwisho wa jambo. Kwanza, ndani ya wasifu huo Shaaban Robert aliweka tenzi mbili za wasia, Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe. Umbo ni lile lile la Mwana Kupona, na uhusiano ni ule ule wa mzazi na mtoto, ila sasa wasia umezungukwa na hadithi ya maisha ya anayeusia. Mtoto, na kwa nyuma yake msomaji, anapewa nafasi ya kulinganisha: haya ndiyo baba aliyosema, na haya ndiyo aliyoyapitia. Mzazi anayejiweka wazi namna hiyo amekubali kuhukumiwa na wale anaowafundisha.

Pili, yako majina ya nchi zake mbili za kubuni. Kusadikika, kilichochapishwa mwaka 1951, kimeitwa kwa kitenzi sadiki. Kufikirika, kilichochapishwa mwaka 1967 baada ya kifo chake, kimeitwa kwa kitenzi fikiri. Vitenzi vyote viwili vina asili ya Kiarabu, na vyote vimepewa kiambishi cha Kibantu kinachoonyesha kwamba jambo linawezekana. Kusadiki ni kukubali bila kuona. Kufikiri ni kutafuta kabla ya kukubali. Mwandishi aliyezijenga nchi mbili juu ya vitenzi hivyo hakuwa mtu asiyetambua tofauti kati ya imani iliyopokewa na imani iliyochunguzwa. Katika Kusadikika, Karama anashtakiwa kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria, na utetezi wake mbele ya baraza ni habari za wajumbe waliotumwa pande mbalimbali, wakarudi na maarifa ya kuifaa nchi, wakaishia gerezani. Anayetakiwa kueleza anachokiamini anajibu kwa kuwasimulia wengine walioadhibiwa kwa kukiamini.

Hapa ndipo lilipo badiliko kutoka Pate hadi Tanga. Kwa Sayyid Abdalla, kipimo cha mtu ni akhera na ushahidi ni magofu. Kwa Shaaban Robert, ambaye naye alikuwa Mwislamu mwenye imani thabiti, akhera haijaondoka, lakini kizimbani kumeongezwa kipimo kingine, yaani utu: je, mtu huyu aliwafaa watu? Swali limetoka msikitini na kufika ofisini, sokoni na barazani, mahali ambapo asiye Mwislamu pia anaweza kuulizwa.

5.0 Kamiti na Ukerewe: Miaka ya 1973 na 1974

Vitabu viwili vilivyotoka kwa kufuatana vinaonyesha njia mbili ambazo kujihoji kulichukua baada ya uhuru. Cha kwanza ni diwani ya Abdilatif Abdalla, Sauti ya Dhiki, ya mwaka 1973. Mtunzi huyo wa Mombasa alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake, Kenya: Twendapi?, ulioikosoa serikali. Mashairi yake aliyatunga gerezani, akiwa ametengwa na wafungwa wengine, na kuyaandika kwa siri kwenye karatasi za msalani. Anayefungwa kwa sababu ya imani yake huulizwa swali ambalo hakuliomba: je, bado unaishika? Shairi linaloitwa N'shishiyelo ni Lilo limelijibu swali hilo kuanzia katika jina lake, kwa lahaja ya Kimvita: alilolishika ni lile lile.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba mfungwa huyo hakujihoji, kwa kuwa jibu lake halikubadilika. Lakini kushikilia baada ya kupimwa si sawa na kushikilia kabla ya kupimwa. Tena, ni jambo la kuzingatiwa kwamba mtu aliyenyimwa wa kuzungumza naye alitunga, miongoni mwa mashairi yake, shairi refu la majibizano kati ya watu wawili wanaougombea mnazi, kila mmoja akitoa hoja zake kwa zamu. Upweke wa chumba cha gereza uliujaza mdomo wake sauti za pande mbili.

Kitabu cha pili ni riwaya ya Kezilahabi, Kichwamaji, ya mwaka 1974. Mwandishi alizaliwa mwaka 1944 katika kisiwa cha Ukerewe, akasoma seminari, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika ya mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, ingawa baadaye ilikuja kusomwa humo. Kazimoto, msimulizi wa Kichwamaji, ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayeanza hadithi akiwa likizoni na akitafuta kazi ya muda. Elimu imemwondoa katika imani za wazee wake bila kumfikisha katika imani nyingine. Anamwona rafiki yake Manase, msomi mwenye cheo, akiyaharibu maisha ya Rukia, dada yake Kazimoto, na msiba ukafuata. Anapooa na kutarajia mtoto, mtoto anazaliwa na kichwa kisicho cha kawaida. Mwishoni Kazimoto anajiua.

Kwa mara ya kwanza katika mkondo unaofuatwa hapa, kilichosimama kizimbani si muumini wala mwenendo wake, bali imani yenyewe. Je, maisha yana maana inayoweza kugunduliwa? Wahakiki wengi wameihusisha riwaya hii na falsafa ya udhanaishi ya Ulaya, na uhusiano huo upo. Hata hivyo, kuishia hapo ni kumfanya Kazimoto kuwa mgeni katika lugha anayoisimulia. Mashaka yake yana historia yake: ni mashaka ya kizazi cha kwanza cha wasomi wa taifa jipya, waliorudi vijijini na kukuta kwamba lugha waliyojifunzia haiwezi kuwaeleza kwa wazazi wao, na lugha ya wazazi haiwezi tena kuwafariji wao. Kazimoto huzungumza na watu wengi, lakini mazungumzo yake na wazee na vijana hayazai jibu analoweza kuishi nalo. Mtunzi wa Pate aliuona mji mzima ukiwa gofu na bado akapata wa kumsemesha. Kazimoto ana jamaa na marafiki walio hai, na hampati.

Isidhaniwe kwamba Kezilahabi aliandika hayo kwa kutoyajua ya nyuma. Tasnifu yake ya uzamili, ya mwaka 1976, ilihusu riwaya za Shaaban Robert. Alimsoma mtangulizi wake kwa makini, akamheshimu, na akakataa kupita njia ile ile. Mwaka 1985 alikamilisha tasnifu ya uzamivu huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kuifasiri fasihi. Hivyo mjadala uliotajwa katika utangulizi aliufahamu kwa kina. Katika riwaya zake za baadaye, Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991, msimulizi hajiui. Anasafiri. Anapita katika nchi zilizoharibika na kukutana na watu wanaosema kwa mafumbo. Anayetafuta maana bado hajaipata, lakini amerudishiwa watu wa kumwuliza na kuulizwa naye. Kutoka Kichwamaji hadi Mzingile mwandishi huyo hakuirudia imani ya Tanga wala ya Pate. Alichorudia ni mazungumzo.

6.0 Kilichobadilika na Kilichodumu

Kutokana na mifano hii, mabadiliko matatu yanaweza kutajwa. Katika Al-Inkishafi kilichohojiwa ni pengo kati ya imani na mtenda. Kwa Mwana Kupona na Shaaban Robert kilichohojiwa ni maisha yote, kama ushahidi wa ukweli wa mafundisho. Kwa Abdilatif Abdalla na Kezilahabi kilichohojiwa ni haki ya imani kuendelea kuwako, ama mbele ya dola inayotaka iachwe, ama mbele ya akili isiyoona sababu ya kuishika. Mabadiliko hayo si ngazi za maendeleo, ambapo la baadaye ni bora kuliko la awali. Mtu mmoja anaweza kuyapitia yote matatu katika umri wake.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba watunzi wa kale hawakujihoji kwa kweli, kwa sababu walijua jibu kabla ya kuuliza. Pingamizi hilo linachukulia kwamba swali la kweli ni lile tu linaloweza kuiangusha imani. Lakini yako maswali yasiyoiangusha imani na bado yanamwangusha anayeishika. Anayesema kwamba mali ni ya kupita, kisha akaulizwa kwa nini anaikusanya hivyo, hajaulizwa swali jepesi. Kwa watu wengi swali hilo ni zito kuliko lile la Kazimoto, kwa kuwa halimwachii mtu nafasi ya kujificha ndani ya nadharia.

Kilichodumu ni kuwapo kwa wa pili. Moyo, binti, mwana, msomaji, mshindani wa majibizano, mzee wa njiani: kila anayejihoji katika maandishi haya ana anayemsemesha. Jambo hili linaipa nuru mpya ile mivutano ya Tempels, Mbiti na Hountondji. Hountondji alikuwa na haki kudai kwamba fikra iwe na mwenyewe, mwenye jina na wajibu. Watunzi hawa wote wana majina, na baadhi yao waliadhibiwa kwa majina hayo. Mbiti naye alikuwa na haki kuona kwamba mtu hujitambua mbele ya wenzake. Kosa lilikuwa katika kuzichukulia hoja hizo kuwa hazikai pamoja. Katika fasihi ya Kiswahili mtu hufikiri kwa nafsi yake, lakini hafikiri mbele ya ukuta mtupu.

7.0 Hitimisho

Kazi hizi leo husomwa zaidi katika madarasa, na darasani mwanafunzi huulizwa kuhusu dhamira, wahusika, mizani na muktadha. Maswali hayo ni ya lazima, na taaluma haiwezi kusimama bila hayo. Lakini upo uwezekano wa mwanafunzi kuujibu mtihani mzima juu ya Al-Inkishafi au Kichwamaji bila kuguswa na swali ambalo kwa ajili yake utungo uliandikwa. Ikitokea hivyo, vidaka vya Pate vitakuwa vimehesabiwa na kupimwa, na hakuna atakayekuwa ameuliza vilikuwa vya nani.

Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali kutafuta lugha ya kuzichunguza imani zake. Lugha hiyo amekwisha kupewa, pamoja na mifano ya walioitumia: mmoja alisimama mbele ya magofu, mmoja alikuwa kitandani na ugonjwa wake, mmoja alikuwa mezani kwa karani, mmoja alikuwa gerezani, na mmoja alikuwa njia panda kati ya kijiji na chuo kikuu. Hawakukubaliana katika majibu. Walichokubaliana, bila kukutana, ni kwamba mtu anayetaka kujua anaishi kwa nini lazima aliseme swali hilo kwa sauti, mbele ya mwingine anayeweza kumjibu.